Fundi wa Skrini na Mikasi ya Kinama

Alikuwa akitembea na mto wake. Mto wa kukalia, wa kitenge cha manjano, aliubeba kwapani kama wengine wanavyobeba gazeti. Akiingia katika ofisi ya mtu, salamu hazijaisha, tayari ameuweka juu ya kiti, ameketi, na anaitazama skrini kama daktari anayejua kwamba mgonjwa ataanza kwa kumdanganya. Kisha anauliza swali lake, na kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia akianza na jingine.

"Ugonjwa iko hapa ao iko kule?"

Hapa ni Bujumbura, kwenye meza yako, kwenye kompyuta yako. Kule ni ng'ambo, kwenye mashine kubwa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Ofisi nyingi za mji wetu zinafanya kazi namna hiyo siku hizi: programu nzito inaishi kule, sisi huku tunapewa dirisha tu la kuchungulia. Dirisha likiwa zima, mtu anasahau kabisa kwamba anafanya kazi katika nchi ya watu. Likiharibika, herufi zikageuka visanduku, maneno yakawa madogo mpaka unayasoma kwa pua, hapo ndipo Fundi alipoitwa.

Tulimwita hivyo tu, Fundi. Waliotaka kumpa heshima zaidi walimwita Muzee. Jina lake nalijua, lakini mke wake mwenyewe alimwita Fundi hata mbele ya wageni, sasa mimi ni nani wa kumwita vingine? Kuhusu alikozaliwa na ukoo wake, nendeni Ngagara mkaulize. Kila kartie, yaani kila mtaa wa huko, kuanzia ya kwanza, itadai kwamba ni mtoto wao, hasa kama siku hiyo kuna mtu ana kompyuta iliyolala.

Mimi ni mchora ramani. Ofisi yetu ilikuwa Kinindo, katika nyumba ya ghorofa moja yenye bustani ambayo hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa ndani yake, na kazi yetu ilikuwa kupanga mabomba ya maji ya watu wote: bomba hili liwekwe wapi, lile lihudumie nyumba gani. Nilikuwa nachora kwa programu iliyoko kule. Kwa hiyo nilimhitaji Fundi kuliko nilivyomhitaji mchumba, na nilimwona mara nyingi zaidi pia.

Kwake yeye matatizo yote ya skrini yalikuwa na sura zake, na alikasirika watu wakiyachanganya. Kisanduku kitupu si sawa na alama ya kuuliza. "Alama ya kuuliza, ile mashini inakuuliza. Bado munaongea," alinifundisha. "Kisanduku, imenyamaza. Inajua kuko herufi, lakini haiko na sura yake. Ile ya kunyamaza njo ya kuogopa." Njo ni ndiyo ya mitaani kwetu. Nikamwambia hata kwa waume iko hivyo hivyo, naye akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa na kicheko kinachoanzia tumboni, kinachukua muda kufika mdomoni, na ukiwa umekaa karibu unaona kabisa kinavyopanda.

Namna alivyonieleza kazi yake, sijaisikia kwa mtu mwingine. Mashine ya kule, alisema, haitumi picha. Inatuma maneno tu: andika A, ukubwa huu, sura ile. Mashine ya hapa ndiyo inayofungua sanduku lake na kutafuta hiyo sura. "Ni kama dada yako amekupigia simu, anasema vaa kile kitenge cha kijani twende harusini. We hauna cha kijani. Unavaa cha bluu, unanyamaza. Sasa harusini watu wanasema dada yako ni mwongo. Dada amekosa nini?"

Kwa simu alikuwa mtu mwingine kabisa, mkali. Yeye mwenyewe alikuwa na simu ya vitufe, ile ambayo haiwezi kupokea hata picha ya paka, na alijivunia hilo. Ukimpigia na kusema skrini imeharibika, anakukatiza. "Usiniambie imeharibika. Niambie unaona nini." Siku moja mhasibu wetu, aliyekuwa amechoka, alimjibu kwamba anaona ujinga. Fundi hakukasirika hata kidogo. "Ujinga ya rangi gani?" aliuliza. "Iko katikati ya ekrani ao pembeni?" Na mhasibu akajikuta anaeleza ujinga wake wote, rangi, upana na mahali, mpaka ukatibiwa kwa simu hiyo hiyo.

Mashine alizivumilia. Zikikwama alizisubiri, zikipona alizishukuru, nilimsikia kwa masikio yangu akiiambia moja "ahsante, mama". Watu hakuwavumilia. Kabla hajagusa kitu alitaka mikono ya wote iwe juu ya meza, hata ya mkurugenzi, kwa sababu aliamini kwamba mtu mwenye wasiwasi na kipanya cha kompyuta mkononi ni hatari kuliko umeme. Wakubwa wa Kinindo, wenye magari na walinzi, waliweka mikono yao mezani kama watoto wa chekechea wanaosubiri uji. Nilipenda sana kuangalia jambo hilo.

Kulikuwa na karani mmoja katika shirika jirani, mwanamke mpole wa sala zake tano. Dirisha la programu yake lilikuwa kubwa kupita skrini, maana mashine ya kule ilidhani hapa kuna skrini ya ukubwa wa ukuta, na kitufe cha kukubali kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Yule mama hakulalamika. Aligundua kwamba ukibonyeza Tab, kile kitufe cha kuruka, mara saba, ukasema bismillahi, ukabonyeza cha kuingiza, kazi inakubali. Akawafundisha wenzake. Kwa miezi mitatu ofisi nzima ilihesabu hadi saba na kusema bismillahi, pamoja na Mbelgiji mmoja asiyesali popote. Fundi alifika, akaangalia, akaiambia mashine ya kule ukubwa wa kweli wa skrini, na kitufe kikapanda juu chenyewe. Karani alikitazama kwa huzuni. "Muzee, umenitolea dua yangu," alimwambia. Fundi akamjibu, "Dua endelea nayo, mama. Ile ya kuhesabu njo uache." Naambiwa Mbelgiji bado anasema bismillahi.

Kabla ya kompyuta alikuwa mchora vibao vya maduka. Hili alilitaja mara chache, lakini huwezi kutembea naye mjini bila kuligundua, kwa sababu alisimama katikati ya njia, pikipiki zikimpigia honi, kuitazama R fulani iliyoegemea upande. "Angalia ile mguu," alisema, "itaanguka." Kuna duka moja la dawa ambalo kibao chake alikichora akiwa na malaria, na S zake zilitoka nene chini. Miaka mingi ilipita, na bado alivuka barabara ili asipite mbele yake. Lakini mwandiko wake mwenyewe, Mungu nisamehe, kuku angeandika vizuri zaidi. Aliniachia siku moja karatasi ya maelekezo mezani. Tuliisoma watu wanne, tukashindwa, tukamwita. Akaishika mbali, akaishika karibu, akaikunja na kuiweka mfukoni. "Haikuwa kitu ya muhimu," alisema.

Na kitu kingine: hakuwa amesafiri. Kila siku ya Mungu aliingia ng'ambo mara ishirini, akafungua milango ya kule, akapanga vitu vya kule, lakini kwa miguu yake hakuwahi kupita Rumonge, mwendo wa basi tu kutoka kwetu. Ndege aliziogopa waziwazi, bila aibu. Kule alikuwa na rafiki, fundi mwenzake anayelinda ile mashine kubwa, ambaye sisi tulimwita ndugu wa kule. Walikuwa wamezungumza kwa simu miaka mingi, kwa Kifaransa chenye ugomvi mwingi, na walijuana mpaka magonjwa ya tumbo. Ndugu wa kule alimwalika mara nyingi akatembee. Fundi alikuwa na jibu moja: "Mi nakuja kila siku. We njo haunioni."

Kuhusu macho alikuwa na msemo wake, ambao sijui aliutoa wapi, pengine kwenye vibao. Alisema jicho ni shahidi muzuri lakini hakimu mubaya. Maana yake ni kwamba uliloliona ulieleze vizuri, usiongeze usipunguze, lakini usihukumu mpaka umejua nani ameandika na nani amechora. Alinirudia hilo kwa miaka sita. Nilitikisa kichwa kila mara, nikidhani nimelielewa.

Sasa niseme habari ya mikasi, kwa sababu bila hiyo huyu mzee angebaki tu mtu wa kuchekesha.

Mimi ni wa Kinama, na mama yangu anauza lengalenga mbele ya nyumba yetu. Bomba la karibu lilikuwa mbali kiasi kwamba alfajiri alitoka na bidoni mbili, yale madumu ya maji, na kurudi jua limeshakuwa kali, mboga zimeshanyauka, wateja wameshapita. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka chini ya la kushoto. Ukimsemesha juu ya bega alisema ni uzee, na nilipokuwa mdogo nilimwamini. Kwa hiyo kazi ya ramani ya Kinama ilipokuja ofisini kwetu, niliichora kwa moyo wangu wote. Wakazi walikutana, wakabishana siku mbili, wakaamua pa kuweka kila bomba. Moja, la mwisho kukubaliwa, waliliweka katika njia yetu, mbele ya banda la kinyozi. Nililiandika katika daftari langu na mkuu wa kartie akatia sahihi chini yake.

Wiki hiyo hiyo Shefu, yaani mkurugenzi wetu, alileta kompyuta mpya. Zilikuwa nyembamba, zinang'aa, na alizipenda kuliko kawaida. Fundi alikuja kuuliza zitawekwa lini ili azipe sura za herufi na alama zetu. Shefu, aliyekuwa amechoka kuweka mikono mezani, alimwambia hakuna haja. "Hizi ni mupya, Muzee. Mupya haiuguake." Fundi akatazama zile mashine, akamtazama Shefu, akachukua mto wake. "Bon," alisema. "Mungu azipe afya." Akaenda zake.

Ijumaa asubuhi, kwenye mashine yangu ya zamani, nililiweka lile bomba la mbele ya kinyozi. Lilikuwa la thelathini na nane. Nililitazama kidogo, picha ndogo ya bomba lenye tone chini yake, nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Kabla ya adhuhuri mashine za zamani zote zilipakiwa kwenye gari zikapelekwa shuleni. Nikafungua ramani kwenye mpya.

Kinama nzima ilikuwa imejaa mikasi. Mikasi midogo, myeusi, yenye mdomo wazi, kila njia na kila kona. Mbele ya msikiti mkasi. Nyuma ya soko mkasi. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu Shefu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nani ameweka makasi kwa ramani ya Leta, ramani ya serikali?"

"Mi sijui, Shefu."

"Ni virusi ya zile mashini za zamani. Futa. Ramani inaenda leo."

Ningepaswa kujua. Miaka sita nimekaa na yule mzee, nimesikia habari ya kitenge cha kijani na cha bluu mpaka naota. Lakini Shefu alikuwa anapumua juu ya shingo yangu, na ukweli ni kwamba nilidhani mikasi imelala juu ya mabomba, kwamba nikiifuta mabomba yataonekana chini yake. Nikafuta mmoja mmoja. Chini hapakuwa na kitu. Shefu akasema mabomba yatatokea kwenye karatasi, ndivyo zinavyokuwa hizi mpya. Nikaendelea. Nilifuta hata ule wa mbele ya kinyozi, na nakumbuka nilijisikia nadhifu, kama mtu anayefagia.

Jumatatu jioni karatasi ilirudi kutoka kwa wafadhili, wao ndio waliokuwa wakiichapa moja kwa moja kutoka kule. Ilikuwa ramani safi kabisa ya Kinama isiyo na bomba hata moja. Barua iliyoambatana nayo iliuliza kwa adabu kama hii ni sahihi, na ikasema marekebisho yanapokelewa mpaka Jumanne saa sita mchana. Baada ya hapo ramani inakwenda kwa wachimbaji kama ilivyo. Shefu aliisoma amesimama, kisha akaketi.

"Tafuta Fundi," alisema.

Jumanne asubuhi nilikuwa Ngagara. Alikuwa anakunywa chai ya rangi mlangoni kwake, na aliponiona alijua, maana alianza kucheka kabla sijafungua mdomo. "Zile mupya zinaumwa?" Nikamweleza mikasi, na kicheko kikapanda. Nikamweleza kwamba niliifuta, na kicheko kikashuka. Kisha, sikukusudia, nikamwambia habari ya njia yetu, bidoni, na bega la mama. Nililia, na sikuona aibu kulia. Fundi aliweka kikombe chini chai ikiwa nusu na akaanza kutembea kuelekea barabarani. Tulikuwa tumeshafika kwenye basi nilipogundua kwamba ameuacha mto nyumbani.

Ofisini wote waliweka mikono mezani bila kuambiwa. Fundi akaketi juu ya kiti kitupu.

"Ugonjwa iko hapa ao iko kule?"

"Hapa," nilisema. "Hii mupya haiko na sura ya robine, ile bomba. Ilitafuta alama ya karibu, ikakuta makasi."

"Alhamdulillah. Miaka sita." Akanigeukia. "Na ile dawa ulitoa, kufuta, ulifutia hapa ao kule?"

Hapo ndipo nilipoelewa yote. Kule mabomba yalikuwa mazima. Wiki nzima yalikuwa mazima. Ugonjwa wote ulikuwa kwenye meza yangu, na mimi nilinyoosha mkono mpaka ng'ambo kwenda kung'oa kitu kizima.

"Kule, Muzee."

Hakunigombeza. Alimpigia ndugu wa kule, wakagombana kidogo kwa Kifaransa kama kawaida yao, na tukajua kwamba mashine kubwa inatunza nakala ya kila siku inapofika usiku. Nakala ya Alhamisi ilikuwepo. Waliongea tena, safari hii kwa muda, na Fundi alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Saa tano hivi, kwenye skrini yangu, mikasi ikaanza kurudi. Sijawahi kufurahia mikasi namna ile. Mhasibu alipiga makofi kila mmoja ulipotokea, na Shefu mwenyewe alisema "voilà, voilà" kama mtu anayekaribisha wageni wa harusi.

Nikahesabu. Thelathini na saba. Nikahesabu tena, ingawa nilishajua. Bomba letu nililiweka Ijumaa asubuhi, na nakala ilikuwa ya Alhamisi. Mbele ya kinyozi palikuwa peupe.

Shefu aliona nilipotazama. "Ile ya kwenu tuache," alisema kwa sauti ya chini, na sikuona ubaya ndani yake. "Watasema unajipendelea."

"Nani aliamua ile robine?" Fundi aliuliza.

Nikatoa daftari. Shefu akasoma maneno ya mkutano, akasoma sahihi ya mkuu wa kartie, akavua miwani. "Basi weka," alisema.

Lakini mashine yangu bado haikuwa na sura ya bomba. Fundi alikuwa ameshaanza kuivuta kutoka kule, na ule mstari wa kijani unaoonyesha safari ulikuwa unatambaa. Saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini kabla ya saa sita. Mstari ulitaka zaidi ya saa nzima.

"Weka makasi," Fundi alisema.

"Muzee?"

"Weka makasi mbele ya kinyozi. Kule itakuwa robine."

"Na kama kule pia ni makasi?"

"Kule ni robine," alisema, bila kupepesa.

Nimefanya mambo magumu maishani, lakini kuweka mkasi kwa mkono wangu katika njia ya mama yangu, kwenye karatasi ambayo watu watachimba kwa kuifuata, sijui kama nitafanya tena. Mara ya kwanza mkasi uliangukia ndani ya banda la kinyozi. Nikausogeza. Nikahifadhi. Shefu akatuma, na zilibaki dakika kumi na moja.

Saa nane mchana sura ya bomba ilifika, na kwenye skrini yangu mikasi yote thelathini na minane iligeuka mabomba kwa mpigo mmoja. Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuangalia. Fundi peke yake hakupiga. "Hapa kumepona," alisema, akaomba maji ya kunywa, akaenda nyumbani.

Karatasi ya mwisho ilikuja baada ya wiki tatu na kitu, mabomba yote yamo, la kwetu limo. Shefu aliitia kwenye fremu. Hakuna aliyefikiria kumwambia Fundi, kwa sababu tulidhani Fundi ndiye aliyetuambia sisi. Baadaye nikasikia ameacha kazi, magoti yanamsumbua, na mimi nikahamia ofisi nyingine. Siku zikaenda.

Nilimwona mara ya mwisho Jumamosi moja asubuhi, Kinama. Bomba lilikuwa na wiki ya pili tangu lifunguliwe, na mama alikuwa ameshajifanya mkuu wake. Hakuna aliyemchagua. Alisimama kando yake na kitambaa kichwani, akipanga mstari, akiwagombeza wanaoruka zamu, na lengalenga zake mbichi zilikuwa nyuma yake zinamsubiri. Nilikuwa naye, nikimsaidia kunyanyua bidoni za wazee. Ndipo nikamwona Fundi akija kutoka upande wa barabara, polepole, akiuliza watu njia.

Nilimkimbilia. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yale yale. Nilimuuliza nini kimemleta mpaka huku na magoti yale.

"Kuko kitu nilitaka kuangalia."

"Robine? Lakini we njo ulituambia."

Aliangalia chini kidogo. "Ile siku, ndugu wa kule aliniambia kwa simu kwamba hata wao wamebadilisha mashini, ile wiki. Mupya. Alisema anafikiri wameweka alama zote. Anafikiri." Akasugua goti. "Sikuwa na namna ya kujua, binti yangu. Ningekuambia, ungeogopa, haungeweka. Nikasema ni robine. Tangu ile siku mi silalake vizuri."

"Miezi yote hii?"

"Mulikuwa munipigie simu," alisema, bila lawama. Nilimshika mkono. Nilimpenda sana dakika ile, na nilijiona mjinga sana, vyote pamoja.

Alikuwa tayari anatembea kuelekea kwenye bomba, moja kwa moja, mbele ya watu wote. Mama alimwekea mkono kifuani.

"Muzee, hapa kuko mustari."

Nilitaka kusema huyu ni nani. Fundi akanikanyaga mguu nisiseme, akarudi nyuma, akasimama mwisho kabisa, baada ya mwanamke mwenye bidoni tatu. Jua lilikuwa linapanda. Nilimletea kiti, akakikataa. Alisogea hatua kwa hatua kama kila mtu, akisikiliza maji yakigonga ndani ya plastiki, na tabasamu lilianza tumboni nikaliona likipanda. Ilimchukua muda mrefu kufika mbele.

Mama alimtazama mikono. "Bidoni yako iko wapi?"

"Sikuleta bidoni, mama."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja kuangalia kama inatoka."

Mama hana subira na watu wa namna hiyo. Alifungua bomba mpaka mwisho.

"Basi angalia," alimwambia.